Mrudisheni Nyumbani: Kanisa na Mgonjwa Asiyepona katika Tanzania ya Kati

Aliyewahi kuuguza mtu Dodoma au Singida analifahamu neno hili. Daktari humwita pembeni mtoto mkubwa wa mgonjwa, au kaka yake, na kwa sauti ya chini humwambia, "Kwa hapa tulipofikia, mrudisheni tu nyumbani." Ndugu wanaelewa. Mgonjwa ameshindikana. Linatafutwa gari, godoro linatandikwa nyuma, na safari inaanza kuelekea Bahi, Kongwa, Chamwino au Manyoni. Kuanzia hapo hakuna faili, hakuna tarehe ya kurudi kliniki, na mara nyingi hakuna dawa ila Panadol zilizonunuliwa njiani.

Sisi wa kanisa tunapajua vizuri mahali safari hiyo inapoanzia, maana hospitali kadhaa za nyanda hizi zilijengwa na makanisa. Tunapajua vizuri pia inapoishia, maana huko tunafika na kanzu, kwaya na kitabu cha ibada. Kipande cha katikati, ambacho huweza kuwa wiki mbili au mwaka mzima, tumewaachia akina mama wa nyumba ile. Katika insha hii tunataka kuitazama historia ya kipande hicho. Kanisa la nyanda za kati limewahi kukipita mara mbili, wakati wa ukoma na wakati wa UKIMWI, na mara zote mbili likakiacha tena.

Injili na dawa ziliingia Ugogo kwa mlango mmoja. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifika Mpwapwa mwaka 1876, na muda mfupi baadaye walikuwa na daktari kati yao, Edward Baxter. Ilipoundwa Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, aliyetoka Australia, kazi ya tiba iliendelea kukua, na majina ya Mvumi na Kilimatinde yakajulikana mbali. Ni Mvumi alikofanya kazi Dkt. Paul White kuanzia mwaka 1938 hadi 1941, kisha akarudi Australia na kuandika vitabu vya Jungle Doctor vilivyosomwa na watoto wa nchi nyingi. Kwa upande wetu Walutheri, kazi ilikuwa kaskazini zaidi, Iramba, ambako wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walihudumu Kiomboi na Iambi. Dodoma mjini tulikuja kama wageni, wengi wetu kwa kazi za reli na za serikali, hasa baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Kwa hiyo tunaposimulia habari za Mvumi tunasimulia habari za jirani zetu Waanglikana, nasi tunafanya hivyo kwa shukrani, kwa sababu wagonjwa wetu wamelala katika vitanda vyao.

Dawa ile ilikuwa tiba, lakini pia ilikuwa hoja. Mtoto aliyepona malaria, mama aliyejifungua salama, mzee aliyetolewa mtoto wa jicho akaona tena: hawa walikuwa mashahidi kwamba Mungu wa wageni hawa ana nguvu kuliko mganga wa kienyeji. Hadithi za White kwa sehemu kubwa ni za daktari anayepigana na ugonjwa na kuushinda. Hatusemi kwamba wamisionari hawakuwa na huruma kwa wanaokufa. Walizika wengi, na baadhi yao walizika watoto wao wenyewe katika ardhi hii. Tunasema tu kwamba asiyepona hakuwa na nafasi katika hoja ile. Taarifa za kazi huhesabu waliotibiwa, waliozaliwa na waliobatizwa, na hadi leo taarifa zetu za mwaka katika sharika zina sura hiyo hiyo. Hakuna safu ya waliokaa na mgonjwa.

Nyumbani, katika tembe, mambo yalikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa mzito hakuachwa peke yake. Palikuwa na moto, palikuwa na uji wa uwele, palikuwa na dada wa mama au shangazi aliyehamia mpaka mwisho. Lakini tusipambe mno mambo ya zamani. Ugonjwa mrefu ulizaa swali la nani amemloga, na wakati mwingine siku za mwisho za mtu zilijaa ramli na lawama kuliko faraja. Mgonjwa alisikia yote akiwa amelala pale pale.

Ukoma ndio uliolilazimisha kanisa kwanza. Mtu wa ukoma hakufa haraka na hakupona, na kwao mara nyingi hakutakiwa. Iambi palikuwa na kambi ya wakoma chini ya misioni ya Augustana. Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, karibu na bwawa lililojengwa mwaka 1957, Waanglikana walianzisha kituo chao. Dawa ya dapsoni ilianza kutumika katika miaka ya 1950, lakini ilimezwa kwa miaka mingi, na kwa waliokwisha kupoteza vidole au kuona haikurudisha kilichopotea. Kwa hiyo kanisa lilifanya jambo ambalo halikuwa limelipanga: liliishi na wagonjwa. Vidonda vilisafishwa leo, kesho vikasafishwa tena. Viatu vya kulinda nyayo zisizohisi vilishonwa. Mashamba yaligawiwa. Wengi waliopona hawakurudi kwao. Walioana, wakalima, wakazeeka na kuzikwa hapo hapo.

Kisha ulikuja ushindi, nao ulikuwa ushindi wa kweli. Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 ikaja tiba ya dawa mchanganyiko inayomaliza vimelea katika muda wa miezi. Makambi yakaacha kupokea watu wapya. Hakuna anayeyasikitikia, na sisi hatuyasikitikii. Ila ujuzi wa kukaa na asiyepona, uliojifunzwa kwa taabu katika vituo vile, haukuandikwa katika mitaala yetu ya theolojia wala haukuhamishiwa katika sharika. Ulizeeka pamoja na wahudumu wake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Nyanda za kati ziko kwenye njia panda ya reli na malori, na ugonjwa haukuchelewa kufika. Wengi wetu tuliosoma theolojia baadaye tulikuwa vijana wakati ule, na tunakumbuka lugha ya misiba: marehemu "aliugua kwa muda mrefu", basi, na watu wakatazamana. Mimbarani lugha ilikuwa kali zaidi. Kulikuwa na mahubiri ya mazishi yaliyomfanya marehemu kuwa mfano wa dhambi mbele ya mama yake mzazi. Hatuwezi kuandika historia hii tukayaruka hayo. Wagonjwa waliyasikia mahubiri hayo kwa wenzao kabla zamu yao haijafika, na wengine wakachagua kutomwita mchungaji.

Tungekuwa tumemsoma Martin Luther vizuri tungejua la kufanya. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini yeye alibaki, na nyumba yake ikawa na wagonjwa. Aliulizwa na wachungaji wa Breslau kama ni halali Mkristo kukimbia tauni, akawajibu kwa waraka mrefu. Hakuwalaumu dhaifu. Lakini wachungaji, alisema, wamefungwa na wito wao kubaki, na jirani naye amefungwa kwa jirani asiye na mwingine wa kumtunza. Waraka ule ulikuwapo katika maktaba zetu.

Waliokwenda hawakuusoma. Walikuwa wanawake wa sharika na wa vigango, Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki, baadaye wakipewa mafunzo mafupi, baiskeli na sanduku lenye glavu, sabuni, dawa ya vidonda na vidonge vya maumivu. Waliitwa watoa huduma majumbani. Walimgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia. Walifua mashuka. Walimsikiliza. Rais Benjamin Mkapa alipotangaza mwishoni mwa mwaka 1999 kwamba UKIMWI ni janga la taifa, wanawake hawa walikuwa wamekwisha kulijua kwa mikono yao.

Wakati huo huo, nje ya nyanda zetu, kazi ya namna hii ilikuwa imepata jina na elimu. Huko London, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi, na mwishowe daktari, alifungua mwaka 1967 nyumba ya Mtakatifu Christopher kwa ajili ya wanaokaribia kufa. Mgonjwa mmoja, mkimbizi Myahudi kutoka Poland aliyefariki mwaka 1948, alikuwa amemwachia pauni 500 kwa kusudi hilo. Saunders alikuwa Mkristo wa imani ya wazi, na alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana mwili, lakini yana pia hofu, upweke, madeni na maswali juu ya Mungu, na huwezi kutibu moja ukaacha mengine. Nairobi walifungua hospisi yao mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala. Kwetu, hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwafuata wagonjwa majumbani, na katika miaka iliyofuata KKKT likaipeleka huduma hiyo katika hospitali zake nyingine, likisaidiwa na marafiki na fedha kutoka Marekani.

Kwa Kiswahili huduma hii inaitwa tiba shufaa. Neno shufaa wengi wetu tulilisikia kwanza kwa jirani zetu Waislamu, ambao kwao maana yake ni maombezi, mmoja kusimama kwa ajili ya mwingine asiyeweza kujisimamia. Hatujui kama waliolichagua walilifikiria hilo, lakini ni vigumu kwa mchungaji kulisikia bila kuona aibu kidogo. Kuombea ndiyo kazi yetu. Wauguzi wameichukua wakaiita tiba.

Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa katika hospitali za umma. Waliokuwa wamelala wakasimama. Tuliwaona watu tuliokwisha kuwapa Meza ya Bwana kitandani wakija wenyewe kanisani na kuketi viti vya mbele. Tulimshukuru Mungu, na tulipaswa. Ila mambo yakajirudia kama Hombolo: ugonjwa ulipopata dawa, safari za majumbani zikapungua, miradi ikafika tarehe yake ya mwisho, baiskeli zikachakaa. Katika nyumba nyingi saratani ilikuwa imeshaingia, bila matangazo na bila mradi.

Kinachotokea kipande hiki cha njia kikiwa kitupu tulikiona mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya mti inayoponya saratani, kisukari, UKIMWI na mengine. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kutoka Dodoma na Singida watu walikodi Noah na Coaster, wakauza mbuzi, wakawatoa wagonjwa wodini. Mwezi Machi foleni ya magari ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwenyewe aliomba watu wasije mpaka waliopo wapungue. Baadhi ya wagonjwa walifia njiani. Wengine waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Viongozi kadhaa wa kanisa na wa serikali walikwenda kunywa, na wengine walimtetea hadharani.

Imekuwa desturi kuwacheka waliokwenda. Sisi hatucheki. Mwasapila amekwisha kufariki, mwaka 2021, na hukumu yake iko kwa Bwana. Lakini tukiwauliza waliokwenda, tunasikia jambo ambalo wataalamu hawakulizingatia sana: wengi walikuwa ni wale wale walioambiwa "mrudisheni nyumbani". Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewaambia "njoo". Kwa shilingi 500 walimpata mchungaji aliyewatazama usoni na kuwapa kitu mkononi.

Hapa tunapaswa kusema la kwetu. Miaka michache baada ya Loliondo tulikwenda kumwona mama mmoja katika kijiji cha wilaya ya Chamwino. Tulikuwa watatu: mwinjilisti, mzee wa kanisa na mchungaji kijana. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa amekwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450 kwa basi, akapewa mionzi, akarudi, na ugonjwa nao ukarudi. Tuliimba, tukasoma Neno, tukaomba kwa sauti kubwa kwamba apone. Tulipoinuka kuaga alisema, "Baba Mchungaji, mmeomba nipone. Nilitaka muombe usiku upite." Tulidhani ni uchovu wa imani. Tukamtia moyo, tukaondoka. Siku ya kumi na saba tulirudi kumzika. Dada yake alitueleza kwamba usiku alikuwa anauma kanga ili watoto wasimsikie. Katika nyumba ile hakukuwa na dawa yoyote ya maumivu makali, na sisi watatu hatukujua hata kwamba dawa ya namna hiyo ipo.

Ipo, na ni ya bei nafuu. Ni morfini ya maji, unga uliochanganywa na maji safi na kutiwa katika chupa ya plastiki. Mgonjwa hunywa kipimo kila baada ya saa nne, na cha usiku kinaweza kuongezwa ili alale. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986. Uganda waliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike, na hivyo ikawafikia watu vijijini. Nchini kwetu kwa miaka mingi unga huo ulipitia Ocean Road kabla ya kufika kwingine, na hofu ya dawa za kulevya imewafanya hata baadhi ya watabibu kuiogopa. Leo Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha mgonjwa Dar es Salaam kwa saa chache. Bado chupa ile inakwama mahali fulani kati ya duka la dawa la hospitali na tembe. Mchungaji hawezi kuiandika, lakini anaweza kujua kwamba ipo, na kumwambia mtoto wa mgonjwa aiulizie kwa jina kabla gari halijawashwa.

Kuna kazi nyingine ambayo ni yetu hasa, nayo ni kusema kweli. Katika nyumba zetu ndugu humficha mgonjwa habari, na mgonjwa huwaficha ndugu kwamba anajua. Sisi tunaingia katikati na kuomba uponyaji, na hivyo tunaufunga mlango ambao wote walitaka ufunguliwe. Matokeo yake si ya kiroho tu. Mtu anakufa hajasema shamba la Mlowa ni la nani, nani anamdai, watoto wabaki kwa nani. Baada ya arobaini mjane anafukuzwa. Luther aliandika hubiri juu ya kujiandaa kufa mwaka 1519, na jambo la kwanza kabisa analoagiza humo, kabla ya Sakramenti na kabla ya malaika, ni mtu apange mali yake wazi ili ndugu wasije wakagombana.

Wapo wanaotuambia kwamba kuzungumza hivyo na mgonjwa ni upungufu wa imani, na wanatutajia Yakobo sura ya 5. Tunaiamini sura hiyo, na mafuta tunapaka. Lakini Yakobo anataka wazee waitwe waende nyumbani kwa mgonjwa, na hakusema waende mara moja. Rafiki zake Ayubu nao walifanya vema kwa siku saba mchana na usiku walipokaa naye chini bila neno. Walikosea walipoanza kueleza.

Katika usharika mmoja wa pembezoni mwa jiji la Dodoma akina mama wameanza tena. Hawana baiskeli wala mfadhili. Wana daftari lenye majina ya wagonjwa saba, zamu za wiki, na namba ya simu ya muuguzi aliyesomea tiba shufaa. Safu moja ya daftari imeandikwa "usiku ulikuwaje". Mwezi uliopita tuliwafuata kwa mzee mmoja mwenye saratani ya koo, aliyekuwa fundi wa reli. Chupa yake ilikuwa dirishani, pembeni ya redio iliyokwisha betri. Tulimwuliza tuombe nini. Alifikiri, akaandika kwenye kipande cha karatasi, maana sauti imekwisha: kwanza tumwambie Dodoma Jiji walicheza vipi jana. Mmoja wetu alikuwa ameiangalia mechi. Akavuta kigoda karibu, akaanza kusimulia tangu dakika ya kwanza.